Kobe wangu anataka kamba wakavu tu, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina kobe wa maji, ana miaka 4, na chakula anachokubali ni kamba wakavu peke yake. Nikimwekea majani mabichi anayasukuma kwa pua, kisha ananyoosha shingo na kunikodolea macho mpaka nimpe kamba. Vidonge vya chakula cha kobe anavitema. Kinachoninyima raha ni kwamba kobe akikosa vitamini A macho huvimba, na akikosa kalsiamu gamba hulainika. Taa ya UVB (inayotoa miale kama ya jua) anayo, maji yana nyuzi 25. Nilimnyima kamba siku mbili, huruma ikanishinda. Aliyefanikiwa kumbadilisha kobe mbishi, ulianzaje? Na akae siku ngapi bila kula kabla sijampeleka kwa daktari wa mifugo?