Uvumi kuhusu chanjo ya HPV kijijini kwetu: utafiti wa vyuo vikuu unaweza kutusaidiaje?

Mhudumu wa afya, Muheza

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha Muheza, mkoani Tanga, na pia ni mama wa binti wa miaka 11. Tangu mwaka 2024, ilipotangazwa kwamba wasichana wa miaka 9 hadi 14 watapewa dozi moja tu ya chanjo ya HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, badala ya mbili, katika kundi la WhatsApp la wazazi unazunguka ujumbe wa sauti wa mtu asiyejitaja jina, anayedai kwamba sindano hiyo inafunga kizazi na kwamba kupunguzwa kwa dozi ni ushahidi kuwa mabinti zetu wanafanyiwa majaribio. Nimejibu nilivyoweza, lakini baba mmoja aliniuliza mbele ya watu swali lililonishinda: "Kama jana zilihitajika mbili, leo moja inatoshaje?"

Nimeshauriwa niombe msaada chuo kikuu. Ninasita, kwa sababu miaka michache iliyopita walikuja watafiti, wakajaza madodoso nyumba kwa nyumba kwa siku tatu, wakaondoka, na mpaka leo hatujaambiwa waliona nini. Je, tuwaendee tena, na tukiwaendea tuwaombe nini hasa?

Mtafiti, Mwanza

Shikamoo mama. Swali la huyo baba ni zuri, na jibu lake lilipatikana hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2017, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na wenzao wa London School of Hygiene & Tropical Medicine waliwafuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 jijini Mwanza, wengine wakipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili, zaidi ya asilimia 97 ya waliopewa dozi moja walikuwa bado na kinga mwilini dhidi ya HPV ya aina ya 16 na 18, ambavyo husababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Nchini Kenya, utafiti mwingine ulihusisha wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na katika miezi 18 dozi moja ilizuia maambukizi ya aina hizo mbili kwa asilimia 97.5. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja inaweza kutumika.

Nakusihi jambo moja: usilikane neno "majaribio". Majaribio yalikuwapo, yale ya Mwanza yalifanyika kwa ridhaa ya wazazi, na matokeo yake ya miaka miwili yalitolewa kabla nchi haijahamia kwenye dozi moja. Ukikana halafu mtu akayasoma mahali, utakuwa umempa mwenye ujumbe ule ushindi wa bure. Kuhusu kizazi, waeleze wazazi kwamba ni saratani yenyewe inayomfikisha mwanamke kuondolewa kizazi akiwa bado anataka kuzaa.

Mkazi wa Goma

Dada, pole na kazi. Sipingi takwimu za ndugu yetu, ila sisi wa Kivu ya Kaskazini, huku Kongo, tulijifunza kwa gharama kubwa kwamba takwimu sahihi hazimfikii mtu asiyemwamini anayezileta. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Mwezi Septemba 2018, watafiti wa Harvard pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha hapa Goma waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, miji ya mkoa wetu. Mmoja kati ya wanne aliamini kwamba Ebola haipo, na chini ya theluthi moja waliona kuwa viongozi wa eneo lao wanatetea maslahi yao. Waliokosa imani hiyo ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo na kwenda hospitali. Desemba ya mwaka huohuo, uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, ilhali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Ukiishi mahali kama hapo, utamlaumuje anayesema ugonjwa ni siasa?

Kilichosaidia ni kusikiliza kwanza. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliandika maneno ya wananchi jinsi yalivyosemwa, na watafiti wakayapanga ili yafanyiwe kazi. Familia zilikuwa zikinong'ona kwamba mifuko ya maiti imejazwa mawe, au kwamba viungo vya marehemu vimeibwa. Ikaletwa mifuko inayoonyesha ndani, ili ndugu wamwone mtu wao kabla ya kumzika, na hapo hapakuhitajika hotuba. Jambo jingine ni lugha: mabango ya Kifaransa, na hata ya Kiswahili sanifu, hayakueleweka vizuri kwa wengi wanaosema Kinande au Kiswahili chetu cha Kongo. Watafiti wakija kwenu, waulize kama watazungumza na bibi wa Kibondei kwa lugha anayoielewa.

Mwalimu, Kampala

Ninaongeza la shule. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakishirikiana na wa Norwei, walitengeneza kitabu cha hadithi za picha kinachowafundisha watoto wa darasa la tano kupima madai ya tiba, kama vile kwamba kinyesi cha ng'ombe huponya jeraha la moto, au kwamba dawa inafaa kwa kuwa wengi wameitumia. Mwaka 2016 walikijaribu katika shule 120: asilimia 69 ya waliofundishwa walifaulu mtihani, dhidi ya 27 ya wasiofundishwa, na mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado kubwa. Wazazi nao waliandaliwa vipindi vya sauti, wakafanya vizuri mwanzoni, lakini baada ya mwaka faida ilikuwa imepungua sana. Kwa hiyo, dada, mkutano mmoja wa wazazi usiutegemee mno.

Mhudumu wa afya, Muheza

Nawashukuru sana. Nimeanza kuandika kwenye daftari kila ninachoulizwa, kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, na daftari hilo ndilo nitakalowapelekea watafiti badala ya kusubiri dodoso lao. Tumekubaliana na mwenyekiti wa kijiji kwamba hawatahoji mtu hadi waahidi kwa maandishi kurudi kutusomea matokeo mkutanoni, kwa Kiswahili na kwa Kibondei. Mkutano wa kwanza wa wazazi ni Jumamosi, na wa pili muhula ujao. Yule baba nimemwomba auulize tena swali lake, awe wa kwanza kusimama.