Mgongo wa cherehani: yoga ya kila siku inasaidia kweli?

BintiCherehani: Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni fundi cherehani, niko Kariakoo. Ukifika msimu wa sare za shule nainama kwenye mashine tangu asubuhi hadi giza linaingia. Nikitaka kuinuka, kiuno kimekaza, lazima nishike meza kwanza. Hospitali walinipiga picha wakasema mifupa iko salama, ni misuli. Dawa zikiisha maumivu yanarudi. Mteja wangu ananisihi nianze yoga na nisiiache. Faida inaonekana baada ya muda gani? Na sisi Waislamu tunaruhusiwa? Ada ya darasa siimudu.

MkekaWaMwanza: Pole sana dada. Mkeka wa nyumbani unatosha. Piga magoti, viganja chini ya mabega. Ukivuta pumzi, shusha tumbo, inua kifua. Ukitoa pumzi, pandisha mgongo juu kama paka anayejinyoosha. Taratibu, pumzi ndiyo iongoze. Kisha kalia visigino, nyoosha mikono mbele, paji la uso liguse mkeka, utulie hapo. Dakika kumi kila siku kabla ya chai zinashinda saa zima la Jumapili peke yake. Mimi nilianza kupata usingizi mzuri kabla hata mgongo haujalegea, na hilo ndilo lililonifanya nisiache.

FizioPwani: Hii ndiyo kazi yangu, fiziotherapia. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kiliitaja yoga kati ya tiba za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya mgongo. Kuna utafiti wa 2011 wa jimbo la Washington, watu 228. Waliohudhuria yoga kila wiki kwa wiki 12, huku wakihimizwa kufanya na nyumbani, walipata nafuu kuliko waliopewa kitabu cha kujisomea. Ila waliofanya mazoezi ya kawaida ya kunyoosha viungo walipata nafuu ileile! Kwa hiyo jipe miezi mitatu kabla ya kuhukumu. Mwenye presha ya macho aepuke mikao ya kichwa chini. Na mguu ukikosa nguvu, ukipata ganzi sehemu za siri au mkojo ukakushinda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

AbuuNasra: Dada, swali lako la dini ni la msingi. Yoga ina mizizi katika dini za India, na mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliikataza kwa Waislamu kwa sababu ya mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ibada zilizomo. Wapo wanaoona kunyoosha mwili peke yake hakuna tatizo, nami ni mmoja wao. Muulize shekhe unayemwamini. Hata hivyo, kwa maelezo ya FizioPwani, ukinyoosha viungo bila yoga hukosi kitu.

BintiCherehani: Allah awalipe kheri. Nitashika ya kunyoosha viungo, naanza kesho baada ya alfajiri. Ila kazini bado nakaa kutwa, huko nifanyeje?

FizioPwani: Bobini ikiisha uzi, usibadilishe ukiwa umekaa. Simama, shika kiuno, jipinde nyuma kidogo mara tano, ndipo ujaze nyingine. Na inua kiti, nyonga zipande juu ya magoti kidogo.