Wapishi wa sherehe wapunguze vipi chakula kinachotupwa?

Mshauri wa Kinondoni
Ndugu zangu, ninawashauri wapishi wa harusi na semina hapa Dar es Salaam, hasa akina mama wenye vikundi vidogo. Hasara ya kutupa chakula wanaijua, lakini kamati za harusi huagiza cha ziada kwa kuogopa aibu ya kupungukiwa mbele ya wageni, na mpishi anayeshauri vingine huonekana anajitafutia faida. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani katika kaya, maduka na huduma za chakula, na asilimia 28 ilitoka kwenye hizo huduma za chakula. Je, nianze na mpishi au na kamati?

Mpishi wa Tabata
Anza na kamati, ila mpishi aende na ushahidi mkononi. Sherehe ikiisha, sisi hupima kwa mizani maganda ya maandalizi, chakula kilichobaki masufuriani na makombo ya sahani, kila fungu peke yake, kwa kuwa kila moja lina chanzo chake. Masufuria yakibaki na chakula kingi, idadi ya wageni ilikosewa. Hapo tunaomba hesabu ya kadi zilizolipiwa, za mtu mmoja na za wawili, badala ya zile zilizosambazwa. Tena wageni hukaa ukumbini muda mrefu kabla ya chakula kufunguliwa, kwa hiyo sufuria ya mwisho ya wali tunaiinjika baada ya kuhesabu waliofika, na mchele usiohitajika unarudi stoo. Makombo yakizidi, wahudumu wapakue nyama na kuku, na mgeni aambiwe wazi kwamba anaruhusiwa kurudi kuongeza.

Jambo kubwa zaidi ni mkataba. Mpishi analipwa kwa sahani, hivyo pasipoandikwa idadi ya chini itakayolipwa hata wageni wakipungua, unamwomba apunguze kipato chake mwenyewe, naye hatakubali.

Bwana Afya
Naunga mkono, pamoja na tahadhari moja. Wengi hupenda kilichobaki kipelekwe kwenye vituo vya watoto yatima, na nia hiyo ni njema, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kilichoshinda wazi mezani hadi usiku wa manane asipewe mtu, hata kama hakinuki. Cha kugawa kitengwe kikiwa bado cha moto, na kituo kiwe kimearifiwa mapema.

Mshauri wa Kinondoni
Ahsanteni sana, nitaanza na vipengele vya mkataba. Mpishi wa Tabata, makombo mnayapeleka wapi?

Mpishi wa Tabata
Maganda ya ndizi na mboga huchukuliwa na wafugaji wa mbuzi. Makombo huenda kwa wafugaji wa nguruwe, nasi huwasisitiza wayachemshe kwanza, kwa sababu nyama ya nguruwe ikiwamo inaweza kueneza homa ya nguruwe bandani.