Ana fimbo nyeupe lakini anasoma simu. Inawezekanaje?

Swali
Habari wakuu. Kazini kuna mwenzetu mpya anatembelea fimbo nyeupe, ile ya wasioona, ila akikaa anasoma ujumbe kwenye simu kama kawaida. Watu wanaanza kunong'ona kuwa anaigiza. Mwenye ujuzi anieleweshe, na kwenye ngazi nimsaidieje bila kumkera?

Jibu 1
Haigizi, na minong'ono hiyo inaumiza. Wengi wanaoitwa vipofu wana uoni kidogo uliobaki. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, hata anayeona kwa mita 3 kile ambacho wengine wanakiona kwa mita 60 hana uhakika wa kuingia kundi hilo. Huingia akishuka chini ya hapo, au eneo analoliona likiwa finyu sana.

Presha ya macho, yaani glakoma, kwa kawaida hula uoni wa pembeni kwanza. Uoni wa katikati ukibaki mzima, mtu anasoma maandishi madogo kabisa, lakini kiti kilichosogezwa njiani hakioni mpaka akigonge kwa goti. Fimbo ndiyo inayompa habari za chini na za pembeni.

Kuna na kinyume chake: anayepoteza uoni wa katikati anapita mlangoni bila kugusa kitu, ila hakutambui kwa uso mpaka useme. Huyo watu humwita mwenye maringo.

Jibu 2
Ngazini: usimkamate mkono wala fimbo. Ukimvuta, ncha ya fimbo inaacha kugusa sakafu na yeye anayumba. Jitaje jina, uliza kwanza. Akikubali, mpe mkono wako ashike juu kidogo ya kiwiko, utangulie nusu hatua. Mkifika, simama kabisa, sema kama ngazi zinapanda au zinashuka na reli iko upande gani, kisha tangulia kidato kimoja. Mwishoni simama tena useme zimeisha. Wengi husahau hapo, naye anatafuta kidato kisichokuwepo.

Jibu 3
Na wa kiti cha magurudumu akisimama kuchukua faili, asiitwe mwongo. Wapo wanaomudu hatua chache tu. Kiti kinawatunzia nguvu au kuwapunguzia maumivu. Mkilazimika kukibeba, shikeni fremu. Sehemu za kuwekea mikono na miguu mara nyingi huchomoka.

Muuliza swali
Shukrani sana. Akikataa msaada?

Jibu 2
Mwache aende. Usimnyatie nyuma, nyayo anazisikia. Ondoeni maboksi koridoni, na milango iwe wazi kabisa au imefungwa. Ulio nusu wazi ndio mbaya zaidi: fimbo inaweza kupita pembeni yake, ukingo ukampiga usoni.