Halojeni za rangi: ya kupakwa, ya daikroiki au LED?

kibatari: Wakuu habari. Nina kaukumbi kadogo ka sherehe, juu ni jipsam, nataka spoti za bluu na nyekundu. Dukani nimekuta halojeni za wati 50 aina mbili, moja kioo cha mbele kimepakwa rangi, nyingine ukiigeuzageuza kioo kinabadilika rangi kama oili iliyomwagika kwenye maji na bei imechangamka kweli. Zinatofautiana nini, au nichukue LED tu?

fundi_spoti: Mkuu ndani zote sawa, ni kiwaya cha tangsteni kinapashwa moto mpaka zaidi ya nyuzi joto 2,500, mwanga wake ni mweupe wa kunjano wenye rangi zote ndani. Hakuna halojeni inayozalisha bluu yenyewe, inachujwa tu. Ya kupakwa inameza rangi zingine na zikimezwa zinageuka joto, ndo maana zinapauka na kubabuka. Ya pili ndo daikroiki, ina matabaka membamba mno yamepangana, bluu inapita zingine zinarudishwa nyuma, rangi yake inadumu.

binti_pwani: halojeni sasa ni kitu gani humo?

fundi_spoti: Gesi dada, mara nyingi bromini. Tangsteni ikipukutika kwa moto gesi inaidaka kabla haijaganda kwenye kioo na kuirudisha kwenye waya, so balbu haiingii weusi. Kile kibalbu cha ndani usikishike kwa vidole, mafuta ya mkono yanakiharibu.

mzee_wa_stejini: Bluu sahau. Tangsteni ina nyekundu kibao na bluu kiduchu, ukishachuja hapo wati 50 zote unabaki na kamwanga ka kuvizia, na ukiweka dima (swichi ya kupunguza mwanga) ndo kabisaa maana waya ukipoa mwanga unazidi kuwa mwekundu. LED ya bluu chipu yenyewe inatoa bluu, haichuji kitu.

binti_pwani: na hiyo jipsam aangalie, halojeni zenye riflekta (kile kikombe cha nyuma ya balbu kinachorudisha mwanga) ya daikroiki joto linapitia mgongoni linaenda juu darini, za alumini ndo zinalirusha mbele

kibatari: Basi LED. Holda zilizopo ni za volti 12, zina transfoma.

fundi_spoti: Za elektroniki? Badilisha hizo transfoma pia, nyingi zinataka mzigo mkubwa wa wati, ukiziwekea LED ya wati 5 mwanga utachezacheza usiku kucha.