Naombeni ushauri: nampataje mtu mzoefu wa kumchukua paka mdogo mwoga?

Nuru_Segerea:
Habari za jioni wakuu. Naomba tusaidiane mawazo, na wasiopenda paka naomba wapite tu kimya kimya maana sipo kwenye hali nzuri.

Nina paka mdogo jike, wa kijivu mwenye milia, ana kama miezi mitatu. Nilimchukua kituo cha kuokoa wanyama hapa hapa Dar. Waliniambia aliokotwa soko la samaki Feri akiwa ameshakua kidogo, hajawahi kushikwa na mtu. Nikasema atazoea. Hajazoea. Mchana kutwa yuko nyuma ya friji, ukisogea anafoka, masikio kayalaza kabisa. Usiku nikishazima taa ndipo anatoka kula na kujisaidia kwenye boksi lake la mchanga, na hajawahi kukosea. Ni paka msafi jamani, ila anaogopa kila kitu: blenda, honi ya bodaboda, hata mimi nikikohoa.

Nataka mtu ANAYEJUA paka, siyo wa kujaribu. Nyumba iwe imetulia na yeye awe na uvumilivu. Nampata wapi, na nitamjuaje kama kweli ni mzoefu? Iwe kabla ya Ijumaa. Asanteni.

Mtoto_wa_Tandale:
Mrudishe Feri, samaki wa bure kila siku. Kesi imeisha.

Wakili_Mtaani:
@Mtoto_wa_Tandale tusishauri hivyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, kumtelekeza mnyama siyo utani.

MamaMapacha:
Pole mdogo wangu. Mimi nilikuwa na dume hapa Mbezi, tulimwita Komredi. Alikuja mwoga hivyo hivyo. Tulipohama kutoka Ubungo akapotea, tukalia, wanangu hawakula siku ile. Baadaye jirani wa zamani ananipigia, Komredi kakaa kwenye ngazi ya nyumba ya zamani! Mpaka leo sijui alivukaje barabara ya Morogoro na magari yale. Tukamfuata na kikapu. Akaishi miaka mingi, mwisho akafa kwa figo. Paka wana mapenzi sana ila hawayaonyeshi haraka.

Kada_Mstaafu:
Watoto wa binadamu wamelala nje Kariakoo, nyie mnatafutia paka nyumba iliyotulia. Tumefika mbali.

Abuu_Ilala:
Mzee wangu, huruma haigawanywi ikaisha. Mtume (s.a.w) alisimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie mwenyewe. Dada anauliza jambo la heri, tumsaidie.

BibiPaka_Kigamboni:
Mwanangu, mimi nimelea waoga wengi. Kwanza ujue huyo hana tabia mbaya. Paka huzoea watu kirahisi akiwa na umri wa wiki mbili hadi saba hivi. Umri huo ukipita bila mkono wa mtu, kila kitu kwake ni adui mpaka athibitishiwe vinginevyo. Inawezekana, ila ni polepole.

Mtoe huko nyuma ya friji kwa kumpa mahali pazuri zaidi. Chumba kidogo, boksi lililotobolewa mlango, kanga yako uliyoivaa humo ndani, chakula upande mmoja na mchanga upande mwingine. Wewe ingia, kaa chini sakafuni, usimkodolee macho. Soma gazeti, ongea na simu kwa sauti ya chini. Akikutazama, fumba macho taratibu ufumbue, kisha angalia pembeni. Siku atakayokufumbia na yeye utanikumbuka. Usimvute kutoka alikojificha, kamwe. Ukimvuta mara moja unaanza upya.

Kuhusu kumjua mzoefu: atakuhoji wewe kuliko unavyomhoji yeye. Atauliza anakula nini, kadi ina nini, anakimbilia wapi akishtuka. Muulize paka wake wa zamani waliishia wapi, na usiku wa kwanza atamweka wapi. Akikujibu "mlete tu, atazoea", huyo mwache.

Ila nina swali. Kwa nini Ijumaa?

Nuru_Segerea:
Shikamoo bibi, asante sana. Ijumaa ni mambo ya kifamilia tu. Halafu nimekumbuka, kuna mzee mmoja Tandika ana stoo ya mahindi na maharage, amefuga paka tangu zamani. Alisema Ijumaa nimpelekee. Naona ni mzoefu.

Kipanga_77:
Kumbe umeshaamua! Sasa sisi tunashauri nini, au unataka makofi?

Nuru_Segerea:
Sijaamua. Nimesema tu yupo. Na ni mtu mzima mwenye heshima zake, siyo kwamba namtupa.

BibiPaka_Kigamboni:
Marahaba mwanangu. Alikwambia nini ulipomweleza kuwa ni mwoga?

Nuru_Segerea:
Alisema nimlete tu, stoo ina panya wengi hatakaa na njaa.

AfisaMifugo_Moro:
Dada, mimi ni afisa mifugo. Naomba unijibu mawili bila kuzunguka. Moja, kwenye kadi yake sehemu ya kichaa cha mbwa imejazwa? Mbili, amemng'ata mtu yeyote?

Mtoto_wa_Tandale:
Kimya kimetanda. Jibu la pili ni ndiyo 😂

AfisaMifugo_Moro:
Siyo la kucheka. Dada Nuru, upo?

Nuru_Segerea:
Nipo. Kadi ina chanjo ya kwanza ya mafua ya paka. Hiyo ya kichaa walisema arudishwe akifikisha miezi mitatu, ndiyo nilikuwa najipanga.

Kuhusu kung'ata, siyo kung'ata kihivyo. Jumamosi mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, alimshika mguu akamvuta kutoka nyuma ya friji. Paka akajitetea. Ni kidole gumba, matundu mawili madogo, damu ilikuwa kidogo. Mama alimpaka kitunguu saumu na spiriti, pameshakauka, mtoto anacheza vizuri tu. Paka hana kosa. Dada yuko Dodoma kikazi, anarudi Ijumaa kumchukua mwanawe, na namjua, akimkuta huyo paka hapa atamuua. Ndiyo maana namtafutia kwa kwenda. Sasa mnielewe.

MamaMapacha:
Yesu wangu. Na mama mtu hajui?

Nuru_Segerea:
Nilitaka nimwambie akifika. Kumtia presha akiwa mbali ingesaidia nini?

AfisaMifugo_Moro:
Sikiliza dada yangu, sikutishi. Paka naye hupata kichaa cha mbwa na humwambukiza mtu kwa meno. Uwezekano wa huyu kuwa nao huenda ni mdogo, lakini ugonjwa huo dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo hatupimi kwa macho wala kwa kidonda kukauka.

Kesho asubuhi na mapema mpeleke mtoto hospitali. Kabla ya kutoka kioshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama siku zimepita, na msipake kitunguu tena. Sema wazi: ameng'atwa na paka asiye na chanjo, damu ilitoka. Ataanza chanjo siku hiyo, atarudi siku ya 3, ya 7, na kuendelea kadiri watakavyompangia. Kwa kuwa damu ilitoka, wanaweza pia kumwekea dawa ya kinga pale pale kwenye jeraha. Msikubali kusubiri muone kwanza.

Na paka ASIENDE POPOTE. Anaangaliwa siku 10 tangu alipong'ata, maana yake hadi Jumanne ya wiki ijayo. Akiwa mzima, anakula, anatembea vizuri hadi siku hiyo, basi hakuwa na virusi kwenye mate alipong'ata, na daktari wa mtoto ataamua kama chanjo iendelee. Ukimpeleka Tandika akapotelea kwenye magunia, au mtu akamuua, tumepoteza njia rahisi kabisa ya kujua.

Kipanga_77:
Wakuu tulieni. Hii ni CHAI. Mwezi uliopita kwenye uzi wa madalali huyu huyu aliandika anaishi peke yake, chumba kimoja, choo cha nje. Leo kuna mama, kuna mtoto, kuna friji yenye nyuma ya kujificha. Halafu kila kitu kimepangika: Feri, dada wa Dodoma, mzee wa Tandika. Bado jini tu atokee.

Mtoto_wa_Tandale:
Chai ya rangi hii, tena haina tangawizi.

Kada_Mstaafu:
Nilihisi mapema. Weka picha ya paka na kadi, na kidole cha mtoto. La sivyo moderata wafunge uzi.

Wakili_Mtaani:
Picha ya mtoto wa mtu mwingine, mama yake hajui? Hapana. Hilo haliwekwi.

Kipanga_77:
Basi ya paka. Anayetafutia paka nyumba bila hata picha moja?

Nuru_Segerea:
Chumba kimoja na choo cha nje kilikuwa Mabibo, na ndicho nilichokuwa nalalamikia dalali. Nilihamia Segerea kwa mama mwanzoni mwa mwezi huu, na paka nilimchukua baada ya kuhamia kwa sababu kule mwenye nyumba hakutaka wanyama. Picha ninayo moja, ni giza na macho mawili. Nimeiweka hapo chini. Sina haja ya kumshawishi mtu, nimeshikwa na hofu tangu niliposoma maneno ya daktari.

Kipanga_77:
Macho mawili gizani hata popo anayo.

AfisaMifugo_Moro:
Kaka Kipanga, wewe hukosi kitu ukiamini. Mtoto akiwepo kweli na sisi tukabaki kubishana kuhusu friji, nani atajibu? Dada, nenda hospitali. Mpigie dada yako usiku huu, usisubiri Ijumaa, kwa sababu ratiba ya sindano ataiendeleza yeye.

Nuru_Segerea (siku iliyofuata):
Tumetoka hospitali. Walinigombeza kwa kuchelewa, lakini ameanza chanjo na amewekewa ile dawa ya kwenye jeraha pia, alilia sana. Dada nilimpigia jana usiku. Alifoka, akakata simu, akapiga tena, akalia. Leo asubuhi aliongea na daktari mwenyewe. Amekubali paka akae mpaka Jumanne mradi mtoto asimsogelee. Tumemwekea chumba cha stoo, boksi na kanga kama bibi alivyosema. Anakula.

Ila Jumanne ikishapita bado naona Tandika ni sawa. Mzee nimeshamwahidi, na nikimwambia habari ya mtoto atakataa.

BibiPaka_Kigamboni:
Akikataa baada ya kuambiwa ukweli, ni haki yake. Anayempokea huyu paka lazima ajue kuwa aling'ata, aling'ata alipovutwa, na hana chanjo ya kichaa. Ukificha, atakayemvuta tena ni mjukuu wa huyo mzee.

Muulize na jambo lingine: anaua panya kwa sumu? Stoo nyingi za nafaka huweka sumu ya panya, na wengine hufukiza magunia kwa vidonge. Paka akila panya aliyekula sumu, naye inampata. Ule moshi wa vidonge ndio usiseme, unaua hata mtu. Mwoga kama huyu atajibana katikati ya magunia ambako hutamfikia.

Nuru_Segerea:
Nimempigia. Sumu anaweka. Na vidonge anafukiza mzigo mpya ukija. Nilipomweleza na habari ya mtoto akasema basi, tuache.

MamaMapacha:
Afadhali umejua mapema.

BibiPaka_Kigamboni:
Basi nisikilize. Jumanne ikipita salama, mpeleke kwanza akachanjwe, kisha waarifu kituo ulikomtoa, maana vituo vingi hutaka kujua mnyama wao anahamia kwa nani, na pengine wana mtu wao. Wakiridhia, mimi ninacho chumba. Nina paka wawili wazee wasio na ugomvi, mjukuu wa karibu yuko chuo. Nitakuja mimi Segerea nimuone kwanza, nikae naye kidogo sakafuni. Sitamchukua siku hiyo hiyo.

Kipanga_77:
Bado nasubiri picha ya mchana.

Nuru_Segerea:
Karibu sana bibi, nitawapigia kituo leo hii. Nimnunulie nini cha kusafiria? Nilidhani mfuko wa sandarusi nitoboe matundu.

BibiPaka_Kigamboni:
Mfuko hapana, atauchana kivukoni tukose wa kumkamata. Tafuta kikapu kigumu chenye mfuniko, ufunge kwa kamba, weka ile kanga ndani kuanzia leo awe analalia. Na dagaa unamchemshia bila chumvi?

Nuru_Segerea:
Bila chumvi bibi, na kitunguu siweki.