Ulinganisho: adapta za bei nafuu za visikilizio kwa simu za USB-C, ipi inunuliwe hapa Lubumbashi?

Sikio_la_Katuba (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salamu. Simu nyingi zinazoingia mjini siku hizi hazina tena tundu la visikilizio, na kila mmoja wetu analazimika kutafuta kile kiwaya kifupi cha kuunganisha USB-C na jeki ya milimita 3.5. Nimelinganisha aina nne kwa visikilizio vilevile vya omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwenye simu ya Android, na maoni yangu ni haya.

Ya kwanza ni ile isiyo na jina, inayouzwa mezani kwa dola moja au mbili. Shida yake kubwa ni kwamba chini ya umbo lilelile kuna vitu viwili tofauti. Baadhi zina chipu ndogo ya kugeuza sauti kutoka namba za simu kuwa umeme wa visikilizio, nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa. Simu chache hufanya hivyo, zikiwemo baadhi ya Huawei na Xiaomi za miaka iliyopita. Samsung Galaxy kuanzia Note10 hazifanyi, na Pixel za Google vilevile. Ndiyo maana mtu hununua, akachomeka, akakuta kimya, kisha akagombana na muuzaji ambaye kwenye simu yake mwenyewe kitu hicho kinafanya kazi vizuri.

Ya pili ni ya Apple, ambayo Marekani huuzwa dola 9. Kwa usafi wa sauti sikupata kasoro yoyote: hakuna mvumo, hakuna mkwaruzo. Hata hivyo, kwenye simu nyingi za Android sauti yake hubaki ndogo, kwa sababu chipu yake ina kidhibiti chake cha ndani cha ukubwa wa sauti ambacho Android hukiacha chini hata ukipandisha sauti ya simu hadi mwisho. Programu ya USB Audio Player PRO inaweza kukipandisha, lakini ni ya kulipia, na YouTube na WhatsApp hazinufaiki nayo.

Ya tatu ni JCALLY JM6 yenye chipu ya CX31993. Hii ilitoa sauti ya kutosha bila programu yoyote, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa Android. Ya nne, yenye chipu ya CS43131, ni ghali zaidi na sioni sababu ya kuinunua isipokuwa unamiliki visikilizio vikubwa vya studio.

Mwanafunzi_UNILU

Yaya, asante kwa kazi hii. Naomba kuuliza: boksi la JM6 limeandikwa 384 kHz (yaani sampuli 384,000 za sauti kwa sekunde), na ya Apple huishia 48 kHz. Je, si hapo hasa ndipo tofauti ya ubora inapotoka?

Fundi_wa_Kamalondo

Hapana, mdogo wangu, na wauzaji wanaipenda namba hiyo kwa sababu haiwagharimu chochote. Sampuli za 48 kHz zinatosha kubeba sauti hadi 24 kHz, yaani mitetemo 24,000 kwa sekunde, na sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20 kHz. Sisi wenye umri tuko chini zaidi. Isitoshe, Android kwa kawaida hupitisha kila kitu kwenye 48 kHz kabla hakijafika kwenye adapta, kwa hiyo 384 hiyo haitumiki kabisa usipokuwa na programu maalumu.

Namba mbili zinazostahili kutazamwa hazimo kwenye boksi: volti zinazotoka, na ukinzani wa adapta yenyewe. Adapta ya Apple ya soko la Marekani hutoa takriban volti 1, ile ya Ulaya takriban nusu volti. Kwenye omu 32, volti 1 ni milivati 31, na nusu volti ni karibu milivati 8, yaani tofauti ya desibeli (dB) 6. Ukiwa na visikilizio vinavyotoa 100 dB kwa kila milivati moja, hata hiyo ya Ulaya inaweza kufika 109 dB, kiwango ambacho sikushauri mtu akiweke masikioni. Lakini kwenye visikilizio vya omu 250, volti 1 hubaki milivati 4 tu, na hapo ndipo CS43131, inayoweza kufika volti 2, inapojilipia.

Ukinzani unaweza kuupima mwenyewe kwa multimita ya kawaida. Cheza toni ya Hz 50 kwa sauti ya kati (multimita za bei ndogo hudanganya kwenye toni za juu), pima volti za AC bila kuunganisha kitu kingine, kisha unganisha rezista ya omu 33 upime tena. Zikishuka kutoka 1.00 hadi 0.97, adapta ina omu 1 hivi, na huo ni uhandisi mzuri. Zikishuka hadi 0.75, ina omu 11, na visikilizio vyenye ukinzani unaopanda na kushuka kulingana na toni vitabadilika ladha: besi au sauti za juu zitaongezeka bila wewe kugusa chochote.

Jambo moja zaidi kwa mwanzisha mada: ulisawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kulinganisha? Tofauti ya nusu desibeli sikio haliitambui kama ukubwa. Huitambua kama uzuri.

Sikio_la_Katuba

Papa Fundi, swali ni la haki. Nilisawazisha kwa kusikiliza tu, bila kipimo. Kwa hiyo chukueni usemi wangu kuhusu mvumo na sauti ndogo kama jambo la uhakika. Nani ana sauti tamu zaidi kati ya Apple na JM6, nisingeweka pesa juu yake.

Alto_wa_Kenya

Mimi hutumia simu kujifunza nyimbo za kwaya, tena mara nyingi nikiwa nachaji, kwa maana umeme ukirudi usiku kila mtu hukimbilia chaja. Nilinunua adapta ya matundu mawili, moja la chaja na jingine la visikilizio, na tangu hapo nasikia mngurumo usioisha. Je, ni adapta mbovu?

Fundi_wa_Kamalondo

Mama, usiitupe kwanza. Chomeka betri ya akiba badala ya chaja ya ukutani. Mngurumo ukiondoka, kosa ni la chaja, kwa kuwa chaja za bei ndogo hupitisha uchafu wa umeme hadi kwenye waya wa sauti. Na kama pia mnarekodi sauti zenu kwa simu, hakikisha adapta inapitisha mikrofoni, kwani baadhi ya zile zenye nguvu haziipitishi.

Mpita_njia_Kampemba

Yangu hukatika kila nikiacha muziki kwa muda. Simu ni OPPO.

Fundi_wa_Kamalondo

Fungua mipangilio, washa OTG (ruhusa ya simu kuendesha vifaa vya USB). OPPO huizima yenyewe baada ya dakika 10 bila matumizi.

Mwanafunzi_UNILU

Swali la mwisho: nitatambuaje ya Apple iliyo halisi sokoni?

Sikio_la_Katuba

Weka kwenye simu yako programu ya kusoma vifaa vya USB, nenda nayo, uchomeke palepale mezani. Adapta ya waya mtupu haitaonekana kabisa. Ya Apple huonyesha namba ya mtengenezaji 05AC. Ukiona nyingine, rudisha. Ukiiona 05AC, bado si uthibitisho kamili, kwa sababu namba hiyo inaweza kuigwa, kwa hiyo sikiliza pia sehemu ya kimya kati ya nyimbo mbili huku data ya simu ikiwa imewashwa. Ukisikia vijisauti vya kukatakata wakati huo, usilipe, hata akikupunguzia nusu ya bei.